Imepingwa na Hamduni

Haikuwa kale sana wala si leo. Ilikuwa katikati hapo, wakati ambao wakubwa huuita kipindi cha mpito. Palikuwa na nchi iliyopendwa mno na serikali yake. Jina lake hatulitaji, si kwa woga, la hasha, bali kwa sababu siku hizo jina lilikuwa limepelekwa makao makuu kufanyiwa tathmini na lilikuwa halijarudi. Mkuu wa nchi aliitwa Mlezi, na kila uchaguzi alipita bila kupingwa. Si kwamba wapinzani walikatazwa. Walikuwa wakipotea njia tu wanapokwenda kurudisha fomu, maana barabara za nchi hiyo zilikuwa na kona nyingi.

Mlezi, kwa huruma yake, akaona upinzani utakufa nchini kwa kukosa mazoezi. Akaagiza uhamishiwe kwenye leseni. Sheria ikatungwa kwamba muuza magari hatahuishiwa leseni yake mpaka muuza magari mwenzake asimame mbele ya Kitengo cha Pingamizi na kumpinga, hadharani na kwa sauti ya kusikika. Afisa angelisikiliza pingamizi, angelitupilia mbali, kisha angegonga muhuri. Chini ya muhuri huandikwa "Imepingwa na", halafu jina la aliyepinga. Leseni isiyo na jina mahali hapo ilikuwa batili, kwa hoja kwamba mtu asiyepingwa na yeyote lazima ana jambo analolificha. Wananchi waliposikia hoja hiyo waliitazama picha ya Mlezi ukutani, wakakohoa kidogo, wakaendelea na shughuli zao.

Kwa nini walianza na wauza magari? Waziri alieleza vizuri sana. Alisema gari ndicho chombo ambacho raia anaweza kukitumia kuondoka.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi Gervas Ligumbo, mtu wa milimani, mjane, muuza magari ya mtumba. Yadi yake ilikuwa kando ya barabara kuu, imezungushiwa seng'enge, ina kibanda cha mabati na magari yaliyopangwa kwa heshima, yanayowaka mbele, yasiyowaka nyuma. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso, ilikuwa yadi ya Hamduni Pazi, mtu wa mwambao. Makabila yao ni watani tangu enzi za mababu. Mnajua wenyewe utani ulivyo: mtani akikutukana hukasiriki, na usipomtukana anarudi nyumbani akijiuliza amekukosea nini.

Kila asubuhi Hamduni alitoka na kipaza sauti chake cha mkono, kile cha kuitia wateja, akakielekeza ng'ambo.

"We Ligumbo! Mikweche yako imeamkaje? Hakuna iliyokata roho usiku?"

Naye Ligumbo huweka viganja mdomoni na kujibu, "Imeamka salama, mtani! Inakuulizia wewe, lini uliuza gari lililofika linakokwenda?"

Madereva waliokuwa wakipita walipunguza mwendo wasikie. Baada ya hapo kila mmoja huingia kwake na kufuta vumbi kwenye vioo, na siku huwa imeanza.

Msimu wa kuhuisha leseni ulikuwa sikukuu kwao. Ukumbi wa Kitengo ulijaa watu waliokuja kwa ajili yao tu. Hamduni alisimama, akapandisha msuli aliojifunga kiunoni, akaanza: "Mheshimiwa, nampinga huyu mtu wa milimani! Alishuka huku na blanketi akidhani bahari ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Gari lake likipiga honi anafurahi, anadhani ndiyo injini. Aliwahi kumuuzia shemasi gari lisilo na breki, shemasi akafika mbinguni kabla ya askofu!" Ligumbo naye alipopata zamu alimpinga Hamduni kwa kumwita mla nazi ambaye hata mafuta ya gia huyaonja kwanza. Afisa aliyatupilia mbali yote mawili, mihuri ikagongwa, na wale wawili wakaenda zao kula supu ya kongoro wakigombea nani atoe limau. Ndivyo ilivyokuwa mwaka baada ya mwaka. Ukutani mwa kibanda cha Ligumbo zilining'inia leseni zake zote, na chini ya kila moja lilikuwa jina lilelile, Hamduni Pazi. Hakuwa na picha ya pamoja na rafiki yake. Alikuwa na hizo.

Kisha Hamduni akafa. Alianguka chooni alfajiri, hakuamka tena.

Ligumbo aliufunga mnyororo wa yadi yake, akavaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, akaenda msibani kutimiza wajibu. Mtani haendi msibani kulia. Walikuwepo wa kulia. Mtani anakwenda kuvuruga, ili wenye kulia wapate kupumua. Jeneza lilipotoka, Ligumbo alijilaza chali njiani, akashika kipaza sauti cha Hamduni alichokuwa amekinyakua barazani, akatangaza: "Hakuna kuzika! Huyu hajafa! Nawaambieni hajafa, anajifanya! Msimu wa leseni umekaribia, anakwepa kuja kunipinga! Mwamsheni!" Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka machozi yakiwatoka. Wachukuzi wa jeneza wakamruka kwa taabu. Hata Bi Mgeni, mjane wa marehemu, alisikika akicheka ndani. Kwa desturi, kitu ambacho mtani amekinyakua msibani hakirudi mpaka wafiwa wakikomboe, lakini wafiwa walimwachia kile kipaza sauti. Walisema kwamba yule aliyekuwa akiitwa nacho ndiye amebaki nacho, na hiyo ni haki.

Katika msiba huo alikuwepo Mjumbe mpya wa mtaa, aliyehamishiwa hapo kutoka makao makuu. Huko makao makuu watu walikuwa hawana watani tena tangu utani uanze kuombewa kibali. Mjumbe alilisikia tangazo la Ligumbo, akauona umati ukilipokea kwa furaha, na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, akalipeleka mbele.

Asubuhi ya kwanza baada ya maziko, Ligumbo alisimama getini kwake akisubiri. Alijua hakuna atakayemwita. Alisubiri hivyo hivyo, kama mtu anayepapasa ngazi ambayo imekwisha. Ng'ambo, magari ya Hamduni yalikuwa yameanza kupata vumbi. Wateja wakija, Ligumbo alijikuta akiwaambia ubaya wa magari yake mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuusema, nao waliondoka wakishukuru. Alikuwa amempoteza mkewe zamani, na alidhani amekwisha kujua upweke unavyokaa nyumbani. Huu ulikuwa mwingine. Huu ulikaa ng'ambo ya barabara na kumtazama.

Msimu ukaingia. Aliyefika mwisho wa mwezi bila leseni, geti lake lilitiwa lakiri na magari yake yakawa mali ya taifa. Ligumbo akavaa shati jeupe, akaenda Kitengo cha Pingamizi. Afisa wa hapo aliitwa Bi Staajabu, mama mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea sheria na mwingine wa kuwatazamia watu.

"Mpinzani wako yuko wapi, Mzee Ligumbo?"

"Hayupo, mama. Nimekuja kuomba nipewe utaratibu mwingine."

"Hayupo amekwenda wapi?"

Ligumbo alifungua mdomo. Neno lilikuwa dogo tu, lakini alipolitafuta halikuja. "Si mnajua," akasema. "Mji mzima unajua."

Bi Staajabu akabadilisha miwani. "Serikali inajua kwamba Bwana Hamduni Pazi ni mzima na anakwepa wajibu wake wa kupinga. Tuna kauli ya shahidi, iliyotolewa hadharani kwa kipaza sauti, mbele ya jeneza. Shahidi mwenyewe ni wewe."

"Mama, ule ulikuwa utani!"

"Mzee wangu, serikali haina mtani. Serikali ina kauli. Hajafa, anajifanya, mwamsheni. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mwamshe, uje naye. Au utafute muuza magari mwingine akupinge. Au," hapo akashusha sauti kwa wema, "uje mbele ya ukumbi uikane kauli yako, useme kwa mdomo wako kwamba amekufa. Ukishafanya hivyo tutaona sheria inasemaje."

Ligumbo akainuka. Kwa watani, kuyameza maneno ya msibani ni kumtukana marehemu tusi lisilo na utani ndani yake. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ilikuwepo nyingine, ambayo hakuitazama.

Akaenda kumtafuta mpinzani mwingine. Wauza magari wadogo walikuwa wamekwisha; kila mmoja aliyefunga biashara alimwacha mwenzake bila wa kumpinga, naye akafunga, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa barabara. Ilibaki yadi moja kubwa yenye sakafu ya marumaru, mali ya shemeji wa Waziri, ambayo yenyewe haikuhitaji kupingwa kwa sababu za usalama wa taifa. Meneja alimpokea vizuri, akampa maji ya baridi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Tungependa sana kukusaidia, mzee," akasema. "Tatizo ni moja. Ili tukupinge inabidi kwanza tuwe tunajua kwamba upo. Sisi kama kampuni hatujawahi kujua kwamba upo."

"Lakini niko mbele yako hapa."

"Mimi nakuona. Kampuni haikuoni." Meneja akatabasamu kwa masikitiko ya kweli. "Usilichukulie vibaya. Ni wengi hatuwaoni."

Ligumbo alirudi kwa miguu, na njiani akamkumbuka Hamduni kwa uchungu. Yule mtu hakuwahi hata asubuhi moja kushindwa kumwona.

Kabla hajafika kwake akapitia kwa Bi Mgeni. Alikuwa kwenye eda, kwa hiyo Ligumbo alikaa barazani na mama akazungumza naye akiwa ndani, pazia likiwa kati yao.

"Karibu, shemeji. Umekuja kutukana au kusalimia?"

"Kusalimia. Kutukana nimeishiwa."

"Eh! Basi kweli dunia imekwisha. Mjumbe alikuja jana. Kaniambia nivue nguo za eda."

"Kwa nini?"

"Eti mume wangu yu hai. Eti nikikaa eda ya mtu aliye hai naichafua serikali. Kaniletea na onyo la Hamduni, kwa kutokwenda kupinga. Nikamwambia, bwana, mwenyewe yuko makaburini, mpelekee. Akaniuliza, yuko huko kwa shughuli gani?"

Ligumbo alitaka kucheka, na aliposikia upande wa pili wa pazia hakuna anayecheka, akaacha.

"Nisamehe, shemeji. Ni mdomo wangu."

"Usiniombe msamaha kwa utani. Siku ile ulinipa pumzi, bila wewe ningeanguka. Lakini sasa tazama. Yadi siwezi kuiuza, ni ya mtu aliye hai. Wanangu hawawezi kurithi. Mimi siwezi hata kuitwa mjane. Nalala peke yangu kitanda kizima, halafu mtu ananiambia nina mume." Sauti ilimkatika, akaikohoa ikarudi. "Sheikh alimzika, ndugu walimzika. Umebaki wewe tu hujamzika. Nenda ukamzike, shemeji."

Ligumbo alikaa pale barazani mpaka chai aliyotolewa ikapoa.

Siku ya mwisho ya msimu ukumbi ulijaa kama zamani. Watu walikuwa na mazoea yao. Mbele paliwekwa viti viwili, cha mwenye leseni na cha mpinzani, na karani akaita kwa sauti ya sheria: "Hamduni Pazi! Hamduni Pazi, aje kupinga!"

Kiti kikabaki kitupu. Ligumbo akajikuta amegeuka kuutazama mlango pamoja na wengine. Aliona aibu, lakini aliutazama.

"Mpinzani amenyamaza," akasema Bi Staajabu. "Katika nchi hii kunyamaza ni kuunga mkono. Mzee Ligumbo, umeungwa mkono, na kwa hiyo leseni yako imekufa, isipokuwa kama una kauli."

"Ninayo."

Akasimama. Watu walijisogeza mbele vitini, wengine wakaanza kutabasamu mapema, maana walimjua. Alikuwa amekuja na kile kipaza sauti. Alikiinua hadi mdomoni, kisha akakishusha.

"Msibani nilisema hajafa," akasema kwa sauti yake tupu. "Naipinga kauli hiyo. Aliyesema hivyo ni mwongo, ni mtu wa milimani, hajui kitu. Hamduni amekufa. Nilitia udongo kaburini kwa mkono huu. Hamduni Pazi, mtani wangu, amekufa. Mtani haruhusiwi kulia kabla ya wengine. Kazi yake ni kuwachekesha kwanza. Mimi niliwachekesha, na mlipomaliza kulia mkaenda zenu. Zamu yangu sikuipata. Kila asubuhi nasimama getini nasubiri mtu aniulize mikweche yangu imeamkaje. Hakuna anayeniuliza. Basi, nimesema."

Akakaa, akalia, mzee mzima na shati lake jeupe. Hakuna aliyejua la kufanya, maana ukumbi ule haukuwa umewahi kusikia jambo ambalo halikuandaliwa. Mwanamke mmoja nyuma alivua kitambaa chake cha kichwani kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia.

Bi Staajabu alivua miwani ya kutazamia watu, akavaa ya sheria. Alikuwa ameshtuka. Alipekua sheria mbele na nyuma, akasimama wima, na uso wake ukajaa nuru ya utumishi wa umma.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Leo tumeshuhudia maendeleo. Raia amesimama na kujipinga mwenyewe, kwa hoja, kwa hisia, bila gharama yoyote kwa taifa! Kitengo hiki kimekuwa kikihangaika kuwatafutia watu wapinzani, kumbe kila raia amezaliwa na wake. Pingamizi limesikilizwa. Na kama sheria inavyotaka kwa kila pingamizi, limetupiliwa mbali. Leseni imehuishwa!"

Makofi yakapigwa. Ligumbo akainua kichwa.

"Mama, limetupiliwa mbali vipi? Nimesema amekufa."

"Umesema vizuri mno. Na tumekutupilia mbali."

"Kwa hiyo Hamduni..."

"Yu hai, kama ulivyotangaza mwanzo. Ataletewa onyo la pili." Akagonga muhuri kwa nguvu. "Hongera sana, mzee. Anayefuata!"

Jioni hiyo Ligumbo alipita kwa Bi Mgeni, akaketi barazani, akaeleza yote kupitia pazia. Alitegemea mama atalia au atamlaumu. Bi Mgeni akauliza, "Ulilisema lile neno?"

"Nililisema."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote. Nikalia kama mtoto."

"Basi umemzika, shemeji. Nami nitakaa eda yangu mpaka iishe, pazia limefungwa. Hao wengine waache waendelee kumsubiri."

Baadaye tulisikia kwamba Mlezi alipendezwa sana na habari hiyo. Ikatoka amri kila raia ajipinge mwenyewe mara moja kwa mwaka, nyumbani kwake, mbele ya kioo, na ajitupilie mbali. Wengi waliona ni nafuu. Wengine walikwisha kuwa na mazoea hayo.

Ligumbo aliitundika leseni mpya ukutani, mwishoni mwa zile nyingine. Hamduni Pazi, Hamduni Pazi, Hamduni Pazi, ikaenda hivyo ukuta mzima, na ya mwisho ikasomeka: Imepingwa na Gervas Ligumbo. Aliitazama akaona jinsi jina lake lilivyokuwa geni hapo, kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisicho chake.

Asubuhi alifungua mnyororo, akafuta vioo, akatoka getini. Ng'ambo ya barabara Mjumbe alikuwa amekwisha kubandika karatasi kubwa kwenye geti la Hamduni. Iliandikwa kwa herufi nyekundu, na Ligumbo aliisoma pale alipokuwa, bila kuvuka: HAMDUNI PAZI, SERIKALI INAJUA KUWA UPO.

Ligumbo alisimama akiitazama karatasi hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatamani kwa moyo wake wote kwamba serikali iwe imesema kweli. Magari yalipita, hakuna lililopunguza mwendo. Alingoja mpaka saa ile ambayo Hamduni alizoea kutoka, kisha akainua kipaza sauti na kukielekeza ng'ambo.

"Imeamka salama, mtani," akajibu.